Likizo ndefu ya shule Marekani haikuletwa na kilimo

Ile meseji kwamba shule za Marekani zinafunga Juni mpaka Agosti eti zamani watoto walienda kulima bado inazunguka kwenye magrupu, na sisi walimu tunaulizwa kila mwaka. Sio kweli jamani. Angalia tu msimu wa mkulima wa kule, mahindi yanapandwa Aprili na Mei, yanavunwa Septemba na Oktoba, yaani shule ziko wazi! Karne ya 19 shule nyingi za vijijini zilisomesha wakati wa baridi na wa joto, watoto wanabaki nyumbani kupanda na kuvuna. Mijini ndio zilikuwa wazi karibu mwaka mzima, ila madarasa yanawaka joto, wenye hela wanahama mji na watoto wao, madawati yanabaki matupu, basi wakafupisha, baadaye kalenda za mjini na kijijini zikalinganishwa. Watu wanachanganya kwa sababu watoto wa shamba kweli walikuwa wanakosa shule, ila miezi mingine. Ripoti za shule za zamani ziko mtandaoni, soma tarehe zake. Ukitumiwa tena usiforwadi tafadhali, inawafanya wazazi waone likizo ni mazoea tu ya kufuta, wakati siku zikiongezwa lazima kwanza ipatikane hela ya mishahara na viyoyozi.