Kabla ya mgomo, fungueni daftari la wodi

Madai mengi ya wauguzi hapa Lubumbashi hukwama kwenye ukurasa wa kwanza, na si kwa sababu ni ya uongo. Yamepelekwa na sendika (chama cha wafanyakazi) kwa mtu asiyeshika ufunguo wa kasha la fedha. Muuguzi wa serikali anakula kwenye vyungu vitatu. Mshahara wa msingi na primu (nyongeza ya malipo) ya hatari hutoka Kinshasa, kila kimoja kwa orodha yake. Primu ya mahali hutoka kwenye kasha la hospitali yenyewe, yaani mfukoni mwa wagonjwa. Wapo wenye namba ya matrikuli, yaani ya utumishi wa serikali, wanaofikia vyungu vyote vitatu, wapo wanaopata primu ya hatari bila mshahara, na wapo NU (nouvelles unités), wale wapya wasioingia bado kwenye orodha za malipo, wanaovaa blauzi nyeupe miaka na miaka wakiishi kwa primu ya mahali peke yake. Kumwambia daktari mkurugenzi aongeze primu ya hatari ni sawa na kumdai mpangaji hati ya nyumba.

Basi gaweni madai kabla ya kuyaandika. Ya mshahara na primu ya hatari yapande kwa viongozi wa sendika wa taifa, yakiwa na orodha ya majina, daraja la elimu ya uuguzi (A0, A1, A2) na mwaka wa kuanza kazi. Ya kasha yabaki mezani kwa hospitali. Hapo msiombe "kuongezewa". Ombeni kuona: mapato ya mwezi, fungu la dawa, fungu la matumizi, fungu la primu, na namna alama za kugawia primu zinavyogawanywa kati ya daktari, muuguzi, mtu wa maabara na mfagiaji. Sendika isiyojua jumla ya kasha haiwezi kubishana juu ya kipande chake.

Chungu hiki cha tatu ndicho kinachotugombanisha na wagonjwa. Primu ikitegemea bili, muuguzi anageuzwa askari wa mlangoni: mama amejifungua salama, ameruhusiwa kurudi nyumbani, lakini anazuiliwa kwa deni huku akishika kitanda cha mwingine. Naona sendika inayonyamazia jambo hili inajidhuru. Iweke kwenye hati ya madai kwamba kazi ya kudai deni ni ya ofisi ya fedha, na kwamba muuguzi asikatwe primu kwa sababu mgonjwa hakulipa.

Sasa daftari. "Tuko wachache" ni lalamiko. Saa zilizoandikwa ni ushahidi. Chukueni mfano wa wodi ya watoto yenye vitanda 32 na wauguzi 2 usiku. Kupima joto, pumzi na mapigo ya moyo, kisha kuandika, tuseme dakika 10 kwa mtoto: ni dakika 320, yaani kila muuguzi saa 2 na dakika 40 kwa mzunguko mmoja, bila sindano hata moja. Mtoto mwenye malaria kali anahitaji artesunate ya sindano anapofika, baada ya saa 12, baada ya saa 24, kisha mara moja kwa siku mpaka aweze kumeza dawa. Aliyefika asubuhi, dozi yake ya pili inaangukia usiku. Anayeongezewa damu lazima aangaliwe kwa karibu dakika 15 za kwanza, maana majibu mabaya zaidi ya mwili mara nyingi huanza hapo. Muuguzi mmoja akikaa kando ya damu, wodi nzima imebaki na mmoja.

Kwa usiku 30 mfululizo, andikeni nguzo (safu) nne tu: idadi ya wagonjwa saa ya kupokezana zamu, idadi ya wauguzi, saa dozi ilipopangwa, saa ilipotolewa. Mkiongeza nguzo ya tano hakuna atakayejaza. Jazeni usiku uleule. Daftari lililojazwa Jumapili kwa kukumbuka linajulikana kwa wino wake mmoja. Na majina ya wagonjwa yasitoke wodini: siri ya kazi haiondolewi na mgogoro.

Kwa walio kwenye kliniki za watu binafsi, sheria ni nyingine: Kanuni ya Kazi ya Kongo ya 2002, iliyorekebishwa 2016. Mkataba usioandikwa huhesabiwa kuwa wa muda usio na kikomo mpaka kinyume chake kithibitishwe, kwa hiyo maneno "huna mkataba, nenda" hayana nguvu kama yanavyosikika. Mkataba wa muda maalum hauvuki miaka 2, na hurudiwa mara moja tu. Muda wa majaribio hauzidi miezi 6. Wiki ya kazi ni saa 45. Kwa mkataba usio na kikomo, anayekufukuza bila kosa zito anakupa taarifa ya siku 14 za kazi, na siku 7 kwa kila mwaka kamili uliotumika. Tazameni pia karatasi ya malipo: 5% inayokatwa kwa ajili ya CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, inapaswa kufuatana na 13% ya mwajiri. Kosa la kawaida ni 5% kukatwa kila mwezi na isifike CNSS. Nendeni mkaulize huko mkingali kazini, maana baada ya kufukuzwa karatasi huwa ngumu kupatikana.

Mgomo unatambuliwa na kifungu cha 39 cha Katiba ya 2006, ambacho pia kinaruhusu sheria kuuwekea mipaka kwenye huduma za lazima kwa taifa. Kwa hiyo huduma ya chini, ile isiyokatizwa hata wakati wa mgomo, iandikwe na sendika yenyewe, isingoje kuandikiwa. Dharura, uzazi, watoto wachanga na wanaoongezewa damu hayana mjadala. Yanayosahauliwa ni ya kimya: vidonge vya kifua kikuu na vya virusi vya UKIMWI, ambavyo vikikatizwa huzaa usugu, na frigo ya chanjo inayotakiwa kubaki kati ya nyuzi 2 na 8.

Kuna silaha moja ninayoipinga nusu: kuzuia takwimu. Ripoti ya mwezi ikichelewa, ofisi inaumia. Taarifa ya kipindupindu, surua au mpox ikizuiwa wakati wa mvua, anayeumia ni mtu wa komuni zetu za Kenya au Katuba anayechota maji kisimani. Zuieni ya kwanza mkitaka. Ya pili ipite siku hiyohiyo.

Orodha ya huduma ya chini ibandikwe mlangoni siku ya kutoa notisi: wodi, zamu, jina, namba ya simu. Chini kabisa, jina la anayesoma kipimajoto cha frigo asubuhi na jioni, na la aliye na ufunguo wake.