Kuunda Kordi za Noti Tatu kutoka Skeli za Meja na Maina

Vijana wengi wa Lamu wanaojifunza kinanda kwa ajili ya taarab ya harusini huanza kwa kukariri vidole viwekwe wapi, na mtindo huo huwatosha mpaka siku mwimbaji anapotaka wimbo upandishwe kidogo. Hapo mkono uliokariri hukwama, kwa sababu haujui kordi, yaani noti zinazopigwa kwa pamoja, zimetoka wapi. Zimetoka kwenye skeli, yaani ngazi ya noti zinazopanda kwa mpangilio maalumu, na anayeweza kuihesabu skeli ataziunda mwenyewe popote atakapoanzia.

Skeli ya meja hupanda kwa hatua hizi: toni, toni, nusu toni, toni, toni, toni, nusu toni. Nusu toni ni hatua kutoka kibonye kimoja hadi kinachokifuata, kiwe cheupe au cheusi, na toni ni nusu toni mbili. Ukianzia C, utapita vibonye vyeupe vitupu. Chukua noti moja, ruka inayofuata, chukua nyingine, ruka tena, kisha chukua ya mwisho: C, E, G. C ndiyo mzizi, E ni noti ya tatu na G ni ya tano. Kutoka C hadi E kuna nusu toni 4, na kutoka E hadi G kuna 3. Mpangilio huo ndio kordi ya meja. Ukianzia D utapata D, F, A, ambapo 3 hutangulia na 4 hufuata, na hiyo ni maina. Jumla katika zote mbili ni 7, kwa hiyo kinachozitofautisha ni noti ya kati peke yake. Kwa maoni yangu zoezi hili lingetangulia mengine yote: mwanafunzi aimbe do, mi, so, kisha aishushe mi kwa nusu toni bila kuzigusa jirani zake, hadi sikio litambue tofauti bila msaada wa kinanda.

Katika skeli ya meja, kordi inayoanzia noti ya kwanza, ya nne na ya tano huwa meja. Ya pili, ya tatu na ya sita huwa maina. Ya saba, yaani B, D, F, ina 3 na 3, nayo huitwa kordi iliyopunguzwa. Mpangilio huu haubadiliki hata ukihamia G au E flati, yaani E iliyoshushwa nusu toni.

Skeli ya maina yahitaji uangalifu zaidi. Maina ya asili ya A hutumia noti zile zile za C meja, hivyo kordi zake ni zile zile, ila makao yamehamia A. Tatizo liko kwenye kordi ya tano: E, G, B ni maina, na G iko toni nzima chini ya A, kwa hiyo haiuvuti wimbo kurudi nyumbani kwa nguvu. Ndiyo maana G hupandishwa nusu toni ikawa G shapu, na kordi ya tano ikawa E meja. Badiliko hilo hugusa kordi nyingine pia: ya tatu huwa C, E, G shapu, yenye 4 na 4, inayoitwa iliyoongezwa, na ya saba, G shapu, B, D, huwa iliyopunguzwa. Aidha, kati ya F na G shapu hufunguka pengo la nusu toni 3. Sikio lililolelewa na taarab halilishangai pengo hilo, kwani ukipiga E, F, G shapu, A kwa mfuatano, umepiga mwanzo wa Hijazi, mojawapo ya maqamu, yaani mifumo ya noti ya muziki wa Kiarabu.

Si kila maqamu hukubali kordi hizi. Katika Rasti inayoanzia C, noti ya tatu hukaa baina ya E flati na E, mahali ambapo kinanda cha kawaida hakina kibonye, ilhali udi na fidla, ambazo shingo zake hazina vigawanyo, huifikia bila taabu. C meja hugongana nayo, na C maina vilevile. Katika wimbo wa namna hiyo mpiga kinanda apige C na G tu, na noti ya kati awaachie wenye udi na fidla.