Dozi ya predinisoloni ikishuka, miguu ya mzee isiachwe ilale

Mzee aliyemeza predinisoloni, dawa ya kundi la steroidi inayotuliza uvimbe, kwa miezi au miaka, iwe kwa sababu ya pumu, baridi yabisi, ugonjwa wa ngozi au mmenyuko wa ukoma, hufika siku akaambiwa na daktari: sasa tuanze kupunguza. Ni habari njema. Lakini wengi miguu imeshawaishia nguvu, na nyumbani wanaambiwa huo ni uzee, watulie. Basi chakula kinaletwa kitandani, maji ya kuoga yanabebwa na wajukuu, na mzee anazidi kulegea. Sisi wa fiziotherapia tunaziomba familia za Kigoma zisilikubali haraka jibu hilo la uzee. Miguu ile mara nyingi inaweza kurudi, mradi mazoezi yafuate dozi.

Dawa hizi zikitumika muda mrefu hupunguza misuli, hasa ile mikubwa ya mapaja, makalio na mabega. Haziumizi wakati zinafanya hivyo, ndiyo maana mtu hashtuki mapema. Anachokiona ni kwamba kuinuka chooni baada ya kuchuchumaa kumekuwa kazi, na mikono inachoka akianika nguo. Kwa wazee wa Ujiji wanaoswali, swali letu la kwanza huwa ni hili: ukitoka kwenye sijda unainukaje? Anayeswali swala tano kwa kusimama huinuka kutoka chini mara 12 kwa siku, kwenye faradhi peke yake. Kama zamani aliinuka bila kushika kitu, na sasa anajisukuma kwa mikono miwili au amehamia kwenye kiti, hiyo ni taarifa ya kitabibu. Aiseme kliniki, asione haya.

Kwa nini basi asiache dawa mara moja, kama ndiyo inayomdhoofisha? Juu ya kila figo kuna tezi ndogo inayotengeneza kotisoli, homoni inayoulinda mwili unapopata shida: hushikilia shinikizo la damu na sukari visianguke. Ukimeza predinisoloni kwa zaidi ya wiki tatu au nne, tezi hizo hupunguza kazi kwa kuwa homoni ya vidonge ipo tele. Dozi inapokaribia miligramu 5 kwa siku, kiasi kinachokaribiana na kile mwili hujitengenezea wenyewe, tezi zinatakiwa zianze kazi upya, na hilo linaweza kuchukua miezi mingi, hata zaidi ya mwaka. Kidonge kinachopatikana sana ni cha miligramu 5. Kwa aliyefikia kimoja kwa siku, kukiacha ni kuacha yote. Ndugu zetu wa vijiji vya mwambao wanaotegemea boti, tafadhali fuateni dawa kabla hazijaisha. Na uso ukivimba kwa sababu ya dawa hii, dawa ya hilo ni kuonana na daktari apunguze dozi kwa hatua, si kutupa vidonge.

Kanuni tunayoisisitiza kuliko zote ni hii: wiki ambayo dozi imeshuka, zoezi lisipande. Endelea na kile kile ulichozoea, au punguza kidogo. Mwili ukitulia, kwa kawaida baada ya wiki mbili hivi, ndipo uongeze. Meza kidonge asubuhi pamoja na chakula, kisha ufanye mazoezi kabla jua halijawa kali. Viungo na misuli kuuma kidogo, na kujisikia mnyonge siku kadhaa baada ya dozi kushuka, huwapata wengi. Lakini kizunguzungu unaposimama, kutapika, tumbo kuuma, kuchoka hadi kushindwa kuamka, au kuanza kuchanganyikiwa ni dalili za hatari. Hizo hazitolewi kwa jasho. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Zoezi la kwanza ni kiti. Chukua kiti cha mbao chenye miguu imara na ukiegemeze ukutani. Cha plastiki huteleza. Kaa mbele kidogo, vuta nyayo nyuma ya magoti, kunja mikono kifuani, inamisha kifua mbele, simama. Kisha rudi chini polepole ukihesabu moja, mbili, tatu. Ule ushukaji wa taratibu ndio unaojenga paja, na ndio wanaouharakisha karibu wote, wakajiangusha kitini kwa kishindo. Anza na mara 5, pumzika, rudia. Leo fanya, kesho pumzika. Usipoweza bila mikono, shika meza na usijilaumu. Mwanafamilia anaweza kupima maendeleo kwa saa ya simu: mwanamke wa miaka 70 hadi 74 anatarajiwa kuinuka angalau mara 10 kwa sekunde 30 bila kutumia mikono, mwanaume wa umri huo mara 12. Aliye chini ya hapo yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kuanguka.

Kutembea kunafuata, na hapa milima ya Kigoma ina mambo yake. Watu huogopa kupanda kutoka stesheni kwenda Mwanga kwa sababu kunawatoa pumzi. Kwa paja lililodhoofika, kibaya zaidi ni kushuka, kwa kuwa goti linabeba uzito wote huku likikunjwa, na linaweza kulegea ghafla. Anza sehemu tambarare, dakika 10. Ukifika kwenye vilima, panda kwa miguu na ushuke kwa bajaji mpaka mapaja yakae sawa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka wazee wafikishe angalau dakika 150 kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu na ya kusimama bila kuyumba, angalau siku tatu kwa wiki. Huko utafika, haraka haihitajiki.

Mgongo nao unahitaji ulinzi, maana dawa hizi hupunguza uimara wa mifupa, na kasi kubwa ni ya miezi ya mwanzo. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20 za maji. Kuinama kuinyanyua ukiwa umejipinda kunaweza kubonyeza pingili iliyodhoofika. Tumia madumu madogo, na jembe la mpini mfupi waachie vijana. Maumivu makali ya mgongo yanayoanza ghafla, au maumivu ya kinena unapokanyaga, yachunguzwe kabla hujaendelea na zoezi lolote. Kwenye chakula tuna bahati: dagaa wa Tanganyika huliwa mzima na mifupa yake, akatupa kalsiamu na protini kwa pamoja. Waliokaushwa kwa chumvi uwaloweke kwanza.

Wenye kisukari wawe macho zaidi. Predinisoloni hupandisha sukari, hivyo inapopungua, dozi ile ile ya insulini au vidonge inaweza kuwa kubwa mno, na mazoezi yakaishusha sukari zaidi. Ukitetemeka, ukatoka jasho la baridi na kushikwa na njaa kali, simama, kunywa kitu chenye sukari, kisha umwone daktari arekebishe dawa. Pia, usinunue siprofloksasini dukani kwa kujiandikia. Kwa mtu aliyepita miaka 60 anayetumia steroidi, inaweza kusababisha kano ya kisigino kukatika.

Siku ya homa hakuna mazoezi. Mwili wenye malaria unahitaji kotisoli nyingi zaidi, na tezi zako huenda hazijaweza kuitoa. Hata kama dozi ya mwisho uliimaliza miezi michache iliyopita, mwambie mhudumu wa kwanza atakayekupokea kwamba umetumia predinisoloni, na vivyo hivyo kabla ya upasuaji. Andika jina la dawa, dozi, tarehe ya kuanza na tarehe ya kupunguza kwenye karatasi moja, uiweke pamoja na kadi yako ya kliniki, na mtu mmoja nyumbani ajue ilipo.