Baridi ya Juni Lubumbashi haitokani na umbali wa jua

"Jua limekwenda mbali." Wengi Lubumbashi hueleza hivyo baridi ya Juni na Julai, asubuhi zile ambazo mama muuza mikate anafika sokoni amejitanda vitenge viwili. Dhana hii haifi kwa sababu ina chembe ya ukweli. Mapema Julai dunia huwa mbali kabisa na jua, kilomita milioni 152 hivi. Mapema Januari huwa karibu zaidi, milioni 147. Lakini pengo hilo hubadilisha mionzi kwa takriban asilimia 7 tu. Umbali ungekuwa ndio mwamuzi, Januari Ulaya isingeona theluji, nasi joto letu kali lisingekuja Oktoba, kabla ya mvua.

Mwamuzi ni mwinamo wa mhimili wa dunia, nasi tuko kusini mwa ikweta. Mwishoni mwa Oktoba jua la saa sita mchana hutupitia utosini. Juni hulalia kaskazini, likiwa nyuzi 55 hivi juu ya upeo wa macho, basi mionzi ileile hutandazwa juu ya ardhi kubwa zaidi, na mchana nao hupungua. Tena anga ya kiangazi haina mawingu: usiku joto la ardhi hupaa bila kizuizi. Ndiyo maana alfajiri huuma hata baada ya mchana mzuri.

Si kwamba umbali ni kitu kidogo. Ukiuzidisha mara mbili, mionzi hubaki robo. Sayari ya Mars, iliyo mbali na jua mara moja na nusu kutushinda, hupata chini ya nusu ya mionzi yetu.

Joto la jua lenyewe lina nguvu kubwa zaidi ya hapo, na hapa wengi hukosea hesabu. Uso wa jua una nyuzi 5,500 hivi za Selsiasi. Joto hilo likiongezeka mara mbili, likihesabiwa kuanzia nyuzi 273 chini ya sifuri, mionzi haitakuwa mara mbili bali mara 16. Mwanafizikia Josef Stefan aliitambua kanuni hiyo mwaka 1879.

Kosa linalotugharimu fedha ni kudhani paneli ya sola hupenda joto. Inahitaji mwanga. Ikipita nyuzi 25, paneli ya silikoni hupoteza karibu asilimia 0.4 ya nguvu kwa kila nyuzi inayoongezeka, kwa hiyo siku ya Julai yenye anga safi huizidi siku ya Januari yenye mawingu mazito, jasho litutoke lisitutoke. Usiilaze juu ya bati. Acha nafasi upepo upite chini yake, na uiinamishe kuelekea kaskazini, liliko jua la Juni.