Moto wa baharini, mawe ya Lamu na malaria: ukoo mmoja

Usiku wa kiza, mashua ikirudi Lamu kutoka Manda, kila kasia likizama maji huwaka. Cheche za buluu huzunguka nyuma ya chombo, kisha zikazimika. Safari moja ya kikazi nahodha aliniuliza, kwa utani, kama sisi watu wa maabara tuna jina la moto ule. Nikachota maji kwenye chupa, na asubuhi nikaweka tone moja chini ya hadubini. Mlikuwa na vitu vya duara, vyeupe kama vibofu, kila kimoja na mkia mmoja mnene unaojikunjakunja. Noktiluka. Wengine hufika milimita 1 au kupita, kwa hiyo mwenye macho mazuri humwona bila kioo.

Noktiluka ni protista. Jina hilo la protista lilitolewa mwaka 1866 na Mjerumani Ernst Haeckel, na mpaka leo shuleni tunalifundisha kana kwamba ni kabila moja. Kusema kweli ni kapu. Kila kiumbe ambacho seli yake ina kiini, na ambacho si mnyama, si mmea wala si kuvu, hutupwa humo. Mna amiba asiye na umbo, mna dayatomu mwenye ganda la kioo, na mna hata ule mwani wa kahawia unaosukumwa ufuoni na mawimbi, ambao kwa nasaba uko karibu na dayatomu kuliko na mkoko uliosimama kando yake. Kuwaita wote "protista" ni kama kuwaita "wageni" watu wote wanaoshuka gatini Lamu: si uongo, ila hujasema nani katoka wapi.

Tuulize basi, noktiluka katoka wapi? Yeye ni wa ukoo wa alveolata, ambao chini ya ngozi ya seli yao wana vifuko bapa vilivyopangwa kama vigae. Mwanga wake hutoka maji yakitikiswa: asidi huingia katika vichembe maalumu ndani ya seli, na kemikali iliyomo hung'aa kwa muda wa kupepesa jicho. Wakizaana kwa wingi, bahari mchana hugeuka nyekundu au kijani. (Watu wa Malindi wasichanganye na tope la mto Sabaki, hilo ni udongo tu wa bara.) Kuna jamaa zake wengine wenye sumu inayojikusanya katika chaza na kome, na kuchemsha hakuiondoi. Ukiona bahari imebadilika rangi na samaki waliokufa wanaelea, chaza waacheni kwanza.

Wa pili katika ukoo huu ni zooksanthela, naye na noktiluka ni wa kundi moja ndani ya ukoo, liitwalo dinoflajelati. Huishi ndani ya mwili wa tumbawe, akitengeneza sukari kwa mwanga wa jua. Tumbawe huweza kupata mpaka asilimia 90 ya nguvu zake kwa mpangaji huyo. Bila yeye tumbawe hukua kwa shida na mwamba hausimami. Sasa angalia nyumba za Mji wa Kale: kuta za mawe yaliyochongwa Manda, chokaa ya matumbawe yaliyochomwa, zidaka zilizonakshiwa. Yote ni mifupa ya matumbawe, na mjenzi hakuwa peke yake. Mwaka 1998 maji yalipopata joto kupita kiasi, matumbawe ya pwani yetu, Malindi na Kiunga yakiwemo, yaliwatoa wapangaji wao, yakawa meupe, na mengi yakafa.

Wa tatu hapendwi: plasmodiamu, kijidudu cha malaria, ambaye Mfaransa Alphonse Laveran alimwona mwaka 1880 katika damu ya mgonjwa huko Algeria. Huyu si dinoflajelati, ila ni binamu yao wa karibu, na ushahidi anautembeza mwenyewe.

Ili kuuelewa, turudi nyuma. Zaidi ya miaka bilioni 1.5 iliyopita, seli moja ilimmeza bakteria na haikummeng'enya. Bakteria yule akawa mitokondria, tanuri la nguvu tulilo nalo mimi na wewe. Baadaye kizazi kingine cha seli hiyo kikammeza bakteria wa kijani anayetumia jua. Ndiyo kloroplasti ya majani, yenye ngozi mbili. Kisha protista wengine wakawameza waliokwisha kumeza, sanduku ndani ya sanduku. Katika miaka ya 1990 watafiti walikuta ndani ya plasmodiamu kifuko kidogo chenye ngozi nne. Wakazihesabu, wakasoma urithi wake: ni kloroplasti iliyozeeka, haina tena rangi ya kijani. Mdudu anayeishi gizani ndani ya damu yetu ana babu aliyeota jua! Na mwaka 2008 wanasayansi walimtangaza ndugu yake anayeishi kwa jua mpaka leo, aliyepatikana kwenye tumbawe la bandari ya Sydney.

Mimi huona hapo ndipo elimu hii inapolipa. Doksisaiklini, dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya bakteria, humdhuru plasmodiamu kwa sababu kile kifuko bado kina mitambo ya kibakteria. Humuua polepole, ndiyo maana hutumika kujikinga au pamoja na dawa nyingine. Ukiwa na homa usiinunue ukainywa peke yake. Nenda kapimwe damu.

Wazee wa Lamu walimzuia binamu huyu bila hadubini. Katika birika za nyumba za kale walifuga visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu, na sakafuni mwa birika wakajengea bakuli la kauri, ili maji yakipungua visamaki vibaki na mahali pa kukaa.