Mtoto wa jicho hangojwi akue

"Bado hajakomaa, subiri kwanza." Kauli hii nimeichoka. Anayeitoa huwa na nia njema, na miaka 60 iliyopita angekuwa na hoja. Zamani lenzi ilitolewa nzima, au kiini chake kilisukumwa nje kupitia mkato mkubwa. Iliyokomaa ilitoka vizuri, changa iliacha mabaki yanayonata. Kisha jicho lilibaki bila lenzi na mgonjwa akapewa miwani minene ya namba +10 hivi. Nani angetoa jicho linaloona nusu ili apate miwani ya namna hiyo? Harold Ridley alipandikiza lenzi bandia ya kwanza mjini London mwaka 1949, na Charles Kelman akaleta kusaga lenzi kwa mawimbi ya sauti mwaka 1967. Sababu ya kungoja ikafa, ushauri ukabaki hai.

Hili tulimalize haraka: mtoto wa jicho si ngozi iliyoota juu ya jicho. Ni lenzi yenyewe, nyuma ya mboni, ambayo protini zake zimeshikana na kupoteza uangavu. Hakuna matone yanayoiyeyusha.

Sasa tazama kungoja kunazaa nini. Upasuaji wa kawaida ni mkato wa milimita 2.2 hadi 2.8, tundu la duara la milimita 5 hivi kwenye utando wa mbele wa kifuko cha lenzi, kiini kinasagwa na kufyonzwa, kisha lenzi bandia iliyokunjwa inafunguka ndani ya kifuko kilekile. Kiini laini husagika kwa nguvu kidogo. Kikishakuwa cha hudhurungi kinadai nguvu nyingi, na nguvu hiyo huua seli za upande wa ndani wa kornea, kioo cha mbele cha jicho, ambazo zikifa hazioti tena. Zikipungua mno, kornea inavimba na kuingia ukungu. Ndiyo maana kwa viini vya aina hiyo wengi huacha mashine wakatoa kiini kizima kwa mkato wa milimita 6 au 7 unaojifunga bila nyuzi. Ni njia nzuri, na wanaoidharau mara nyingi hawaijui.

Lenzi nyeupe iliyovimba, yaani mtoto wa jicho aliyekomaa, ina vituko vyake. Ndani kuna majimaji yenye shinikizo. Ukiutoboa utando wa mbele, unaweza kukimbia kupasuka hadi pembeni kabla hujaudhibiti, na bila kuupaka rangi ya buluu hata huuoni. Nyuzi zinazoishika lenzi nazo huenda zimelegea. Tena lenzi ikizidi kuvimba, au ikianza kuvuja, presha ya jicho hupanda ghafla: maumivu makali, wekundu, hata kutapika. Mshipa wa fahamu wa jicho ukifa kwa presha, hakuna upasuaji wa lenzi utakaoufufua.

Na kuna jambo tusilolisema mara nyingi. Lenzi ikiwa nyeupe, retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, haionekani kwa daktari. Altrasaundi itaonyesha kama imebanduka, haitaonyesha kama katikati yake ni nzima. Mgonjwa akitambua mwanga unatoka upande gani, hiyo ni dalili njema, si dhamana. Ataona kiasi gani? Tunakisia.

Kwa hiyo afanyiwe upasuaji mapema, siku ya kwanza anapogundulika? La, na hapa ndipo watu wanaponichanganyia mambo. Kusubiri kwa sababu hakusumbui ni sawa kabisa. Kusubiri ili akomae ndiyo kosa. Ubao wa herufi pia hautoi jibu: mwenye 6/9, anayesoma karibu mistari yote, anaweza kupofushwa na taa za magari usiku, hasa ukungu ukikaa katikati ya upande wa nyuma wa lenzi, kama kwa watumiaji wa muda mrefu wa dawa za steroidi. Mwenye 6/24, anayesoma mistari mikubwa tu, anaweza kuwa ametulia nyumbani, hana shida. Swali ni hili: mtoto wa jicho anakuzuia kufanya nini? Namba mpya ya miwani ikitosha, ngoja. Ila usisherehekee mzee akianza ghafla kusoma bila miwani. Hicho ni kiini kinachokuwa kigumu na kumpa jicho la kuona karibu.

Kabla ya upasuaji taja dawa zote, hasa tamsulosini ya tezi dume. Inalegeza irisi, ile duara yenye rangi inayozunguka mboni, na kuiacha wiki moja kabla hakusaidii sana. Mwenye kisukari akaguliwe retina kwanza.

Baada ya upasuaji, siku za mwanzo, maumivu yakiongezeka na uoni ukishuka, rudi siku hiyohiyo: maambukizi ndani ya jicho hayangoji kesho. Ukungu unaokuja polepole miezi au miaka baadaye, bila maumivu, kwa kawaida ni utando wa nyuma wa kifuko ulioingia ukungu. Lenzi bandia haipati mtoto. Leza inatoboa kitundu katikati ya utando huo kwa dakika chache.