Chujio la mashine ya figo: kwa nini siku uliyoiruka hailipwi kesho yake

Maswali haya huulizwa na wagonjwa wanaosafishwa damu, na mara nyingi zaidi na ndugu wanaowasindikiza. Mengine nimeyajibu kwa ufupi. Nimekaa zaidi kwenye lile linalotuletea watu wakiwa hoi: kuruka siku ya mashine kwa sababu mtu anajisikia vizuri.

Mashine husafisha damu kwa kutumia nini hasa?

Chujio. Ni lile bomba la plastiki linalosimama pembeni ya mashine. Ndani yake mna maelfu ya nyuzi zilizo wazi katikati, kila mmoja ukiwa na upana wa takriban milimita 0.2. Damu hupita ndani ya nyuzi, na maji maalumu ya kusafishia hupita nje yake yakielekea upande wa pili. Ukuta wa kila uzi ndio utando unaochuja. Kuta zote zikitandazwa, hupata eneo la mita za mraba 1.5 hadi 2.

Upenyezaji ni nini?

Ni kiasi ambacho utando, au kitu chochote chenye vitundu, huruhusu kitu kipite. Chujio la tui hupitisha tui na kubakiza machicha. Utando huu huchagua kwa ukubwa wa molekuli: taka ya yurea yenye uzito wa dalton 60 (dalton ni kipimo cha uzito wa molekuli) hupita, taka ya kreatinini yenye 113 hupita, albumini, protini ya damu, yenye takriban 66,000 hubaki kwenye damu yako.

Kwenye maelezo ya chujio nimeona "ml/h/mmHg". Ni nini?

Ni kipimo cha upenyezaji wa maji: mililita ngapi hupita kwa saa moja kwa kila milimita ya zebaki ya mgandamizo. Milimita hizo ndizo zilezile unazosomewa ukipimwa presha. Chujio la 10 likisukumwa na mgandamizo wa 50 hutoa mililita 500 kwa saa. Yapo machujio ya 50 na zaidi. 

Kama chujio linapitisha maji mengi hivyo, nikikosa siku moja si yatatolewa yote siku inayofuata?

Hapana. Chujio linaweza, mwili wako hauwezi.

Maji yaliyozidi hayakai yote kwenye damu. Mengi yamejaa miguuni, tumboni, mpaka mapafuni. Mashine huchota ya kwenye damu tu, kisha husubiri yale mengine yarudi kwenye mishipa, nayo hurudi polepole. Ukichota haraka kuliko yanavyorudi, presha huporomoka, misuli hukaza, na moyo wenyewe hukosa damu ya kutosha. Ndiyo maana vituo vingi hujitahidi kutovuka mililita 13 kwa kila kilo ya uzito kwa saa. Kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni mililita 780 kwa saa, yaani takriban lita 3 kwa saa nne. Aliyeruka siku akaja na lita 6 ataondoka na karibu lita 3 bado zimo ndani. Muuguzi anapokataa "kuongeza kidogo", anakulinda.

Lakini najisikia vizuri kabisa, hata sijavimba.

Potasiamu, madini ya kwenye chakula ambayo figo nzima huyatoa, haivimbishi mtu. Kiwango chake cha kawaida kwenye damu ni takriban 3.5 hadi 5.0 mmol/L (milimoli kwa lita). Ikivuka 6.5 moyo unaweza kupoteza mpigo na kusimama, na wapo ambao hawapati dalili yoyote kabla ya hapo. Ule uzuri unaojisikia leo umetokana na mashine ya juzi. Kujisikia vizuri si kipimo cha damu. Nasema tena, kwa kuwa tunalisikia kila mara kutoka kwa watu walioletwa wamebebwa: kujisikia vizuri si kipimo cha damu.

Kuruka mara moja tu kuna ubaya gani?

Hesabu siku. Anayekuja Jumatatu, Jumatano na Ijumaa akiruka Jumatatu, amekaa siku tano bila kusafishwa. Utafiti mkubwa wa wagonjwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa hata pengo la kawaida la mwisho wa wiki huambatana na vifo vingi zaidi. Wewe umelirefusha kwa hiari, kwa sababu ya harusi. Kama kuna shughuli, tuambie mapema, mara nyingi siku inaweza kusogezwa. Kama tatizo ni nauli, sema pia, muone afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Usikae nyumbani kimya.

Maji ya dafu si yanasafisha figo?

Kwa mgonjwa wa mashine, hapana, hapana kabisa. Glasi moja inaweza kuwa na miligramu 500 za potasiamu au zaidi. Figo nzima huitoa kwa mkojo, zako haziwezi. Tende na ndizi nazo ziulizie kabla ya kula. Anayekuletea dafu anakupenda, lakini mkatalie. Na dawa ya mitishamba ya "kufungua figo" usiinywe.

Nimeshakosa ya jana. Nifanye nini?

Piga simu kituoni leo, usingoje siku yako nyingine. Punguza maji, acha matunda yenye potasiamu nyingi, dafu usiliguse. Ukiona miguu imelegea, moyo unapiga ovyo, au huwezi kulala chali kwa kukosa pumzi, usipige simu kuuliza: nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku, na ukifika tu mlangoni sema kwamba wewe ni mgonjwa wa kusafishwa damu na umekosa siku.